Ndoo ya Tulia na Sanduku la Kura

Kila siku kabla ya kengele ya shule, Tulia alishuka chemchemi ya Kabembe na ndoo yake. Njia ilipita katikati ya migomba, ikavuka mfereji, kisha ikateremka kwenye utelezi usiokauka mwaka mzima, maana mvua ya Rungwe haina adabu. Hunyesha hata jua likiwaka. Chini alikuta foleni. Rafiki yake Kuruthumu, waliyekaa naye dawati moja darasa la sita, alikuwa amemshikia nafasi kwa jiwe.

"Leo ulilala na pamba sikioni au?" Kuruthumu alimtania. "Ndoo tano zimekupita!"

Ajabu ni kwamba mvua ilikuwa nyingi, lakini chemchemi ilikuwa inakauka. Maji yaliyobubujika zamani sasa yalichuruzika, tena yenye tope. Watu walinyoosha kidole juu ya kilima, kwenye shamba la milingoti, yaani mikaratusi. Mlingoti ni mti mzuri kwa mbao na nguzo, ila kwa maji ni mlafi asiyeshiba. Na milingoti ile ilikuwa ya Nsajigwa, baba yake Tulia.

Kijiji kilijadiliana mpaka makoo yakakauka kuliko chemchemi. Mwishowe kikaamua kupiga kura ya maoni: milingoti iliyo karibu na maji ikatwe, au isikatwe? Kulinda sanduku la kura akapewa Bi. Safina, mama yake Kuruthumu, mwenye duka dogo kando ya barabara ya Tukuyu. Walimchagua kwa sababu mizani yake haikuwahi kumpunja mtu.

Siku ya kura ilikuwa Jumamosi. Mchana, watu walipomaliza kupiga kura darasani, mvua kubwa ikashuka. Mabati yalilia kiasi kwamba msomaji wa kura asingesikika hata na aliyesimama ubavuni pake. Basi wasimamizi wakaenda kungoja ofisi ya kijiji mpaka ipungue, na Bi. Safina akabaki peke yake na sanduku.

Muda huo Tulia alikuwa ametumwa maji. Lakini wenzake walikuwa wakiteleza mtelemkoni juu ya magogo ya migomba, na yeye hakuwa na gogo. Akakalia ndoo. Mara ya kwanza ilikwenda vizuri, akacheka mpaka machozi. Mara ya pili ndoo ikagonga jiwe, ikapasuka toka mdomoni hadi kwenye kitako. Akaificha migombani, akakimbilia kwenye baraza la darasa kujikinga na mvua. Ndoo ile baba aliinunua juzi tu, akaapa kwamba atakayeivunja atamtambua.

Alipochungulia dirishani alimwona Bi. Safina. Paa lilikuwa likivuja juu ya meza yenye sanduku. Bi. Safina akalibeba, akalisogeza pakavu, akatoa khanga aliyojitanda mabegani, akalifunika. Utepe mwekundu uliofunga kifuniko haukuguswa. Kisha akaketi karibu nalo, huku akitetemeka kwa baridi. Hayo ndiyo aliyoyaona Tulia, wala hakuna mwingine aliyeyaona.

Mvua ilipopungua kura zikahesabiwa mbele ya watu. Waliotaka miti ikatwe walikuwa mia mbili kumi na mmoja. Waliokataa walikuwa mia moja tisini na wanane.

Tulia alifika nyumbani akamkuta baba amesimama mlangoni, uso umemvimba kwa hasira. Fimbo ilikuwa mkononi.

"Umekuwa wapi? Ndoo iko wapi?"

Akaiona ile fimbo, akayaona macho ya baba, na maneno yakamtoka kabla hajayafikiri.

"Baba, nimechelewa kwa sababu nilimwona Mama Kuruthumu. Alikuwa anafungua sanduku la kura."

Fimbo ikashuka taratibu. "Umesemaje?"

"Alifungua kifuniko. Alikuwa peke yake darasani."

Baba akamshika bega kwa upole, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo, akamkalisha karibu na moto. Hakuna aliyeuliza tena habari za ndoo.

Laiti uongo ule ungeishia pale jikoni! Jumatatu Nsajigwa akaenda mjini Tukuyu, akafungua shauri mahakamani kupinga matokeo ili yasitekelezwe. Mahakama ikatoa zuio: hakuna mti wa kukatwa mpaka shauri lisikilizwe. Kuanzia hapo kijiji kikagawanyika. Kanisani watu walibadilisha viti, na kwenye banda la kupimia majani ya chai vikapu vilisahauliwa kwa mabishano.

"Kura ni kura!" alifoka Ackson, kijana wa bodaboda. "Wengi tumeshasema. Mtu mmoja atatuzuiaje?"

"Na wengi wakisema nyumba yako ibomolewe?" alimjibu Mzee Andrea. "Hutakwenda mahakamani wewe?"

"Mimi sijajenga juu ya maji ya watu, mzee!"

"Wengi wana mdomo. Mmoja ana nini kama si mahakama?"

"Kwa hiyo watoto wetu waendelee kunywa tope, sisi tunangoja tarehe?"

"Nyie semeni yote," sauti nyingine ikadakia, "lakini inasemekana sanduku lilifunguliwa. Kuna mtu aliona."

Shingo zote zikageukia dukani kwa Bi. Safina, ng'ambo ya barabara. Tulia, aliyekuwa amekuja kuleta kikapu cha mama yake, Tusekile, alisikia kila neno. Akakitua kikapu akakimbia, wala hakungoja kipimwe.

Siku zilizofuata wateja walilipita lile duka kana kwamba lina ugonjwa. Asubuhi moja Kuruthumu alikuja shuleni viganja vikiwa vyeusi.

"Mtu ameandika mlangoni kwetu kwa mkaa, 'Mwizi wa kura'," alisema kwa sauti ndogo. "Tumesugua tangu alfajiri, haitoki yote. Tulia, eti mtu akiiba kura anafungwa?"

"Sijui," Tulia alijibu.

"Mama hali chakula. Anasema sanduku hakuligusa ila kulisogeza, paa lilikuwa linavuja. Sasa huyo aliyeona ni nani? Ningemjua nisingemtukana. Ningemuuliza tu, uliona nini?"

Tulia akainamia daftari. Aliogopa kumtazama Kuruthumu na aliogopa kurudi nyumbani. Kila mlango ukigongwa alidhani wamekuja kumchukua. Chakula hakikupita. Hata ndizi za maziwa, alizokuwa akizigombania na wadogo zake, zilimrudi kooni.

Jumatano jioni baba akamwita. "Kesho tunakwenda Tukuyu. Utamwambia hakimu ulichoniambia, basi. Usiogope, mwanangu. Wewe ndiye tegemeo langu."

Maneno hayo ya upendo yalimchoma kuliko fimbo yoyote. Akatoka nje, akamkuta bibi yake, Esnath, anatoka migombani na majani ya kufunikia chungu. Mkono mwingine umeshika ndoo iliyopasuka, kitako kimejaa tope.

"Gwe mwana," bibi alisema polepole, "ndoo hii imekaliwa. Siku ya kura ulikuwa unateleza, si ndiyo?"

Tulia akaangua kilio. Akamweleza yote. Alitegemea bibi atamshika mkono ampeleke kwa baba. Badala yake bibi alitazama huku na huku, akaitupa ndoo shimoni, akaifunika na majani.

"Nyamaza kabisa," alinong'ona. "Miti ile nilipanda na babu yako. Tulichimba mashimo kwa mikono hii. Wakikata, baba yako atabaki na nini? Kesho sema ulivyosema. Itapita."

Hapo ndipo Tulia alipoogopa hasa. Mtu mzima alikuwa ameujua ukweli, akaufukia, na dunia haikuanguka. Alielewa kwamba hakuna atakayekuja kumsaidia kusema. Ukweli ulikuwa umebaki kwake peke yake, kama siku ile dirishani.

Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo, kimejaa watu wa kijijini wa pande zote mbili. Hakimu alikuwa mama mwenye miwani na sauti tulivu. Bi. Safina aliketi mbele, mtandio umemzunguka uso uliokonda. Pembeni yake alikuwa Kuruthumu. Jina la shahidi lilipoitwa, Kuruthumu aligeuka. Alipoona ni nani anayesimama, alibaki mdomo wazi.

"Tulia, una miaka mingapi?" hakimu aliuliza.

"Kumi na miwili, Mheshimiwa."

"Unajua tofauti ya ukweli na uongo?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Unaahidi kuiambia mahakama hii ukweli na si uongo?"

"Naahidi."

"Haya. Tueleze ulichokiona."

Tulia akafungua kinywa, na mvua ikaanza. Ilidondoka juu ya mabati kwa kishindo kimoja, chumba kizima kikamezwa na kelele. Hakimu aliweka kiganja nyuma ya sikio, akatikisa kichwa, akaashiria wangoje.

Wakangoja. Ilikuwa sawasawa na Jumamosi ile. Tulia alisimama mbele ya watu wote bila pa kujificha. Alimtazama baba. Baba alimpa tabasamu la kumtia moyo, na tabasamu lile lilimfanya atamani ardhi ipasuke. Alimtazama bibi, bibi akainamisha kichwa. Kisha akaiona mikono ya Kuruthumu. Kwenye kucha kulikuwa na mkaa bado.

Mvua ikapungua. Hakimu akasema, "Endelea, mwanangu."

"Nilimwona Mama Kuruthumu akibeba sanduku," Tulia alianza. "Paa lilikuwa linavuja. Akalisogeza, akalifunika na khanga yake, yeye akabaki anatetemeka. Hakulifungua. Utepe ulikuwa mzima. Nilimdanganya baba. Nilikuwa nimevunja ndoo, nikaogopa fimbo."

Chumba kikalipuka, huyu anashangilia, huyu anaguna, mpaka karani akagonga meza. Tulia alifumba macho akingoja baba apige kelele.

Nsajigwa alisimama.

"Mheshimiwa, mimi napenda miti yangu. Lakini shauri langu lilisimama juu ya maneno haya. Sikumuuliza mtoto mara mbili kwa sababu jibu lilinifaa. Naomba kuliondoa shauri."

Hakimu alivua miwani, akaitazama ile hadhira iliyogombana wiki tatu.

"Nasikia huko kwenu mnabishana kama Nsajigwa alikosea kuja hapa," alisema. "Hakukosea. Mtu mmoja ana haki ya kupinga neno la wengi, na mlango wa mahakama uko wazi kwa ajili yake. Lakini mahakama haikuwapo darasani siku ile. Inaona kwa macho ya mashahidi. Ikipewa macho ya uongo, itamwonea mtu asiye na kosa huku ikidhani inatenda haki. Leo binti huyu ameirudishia mahakama macho. Shauri limeondolewa, na zuio limeondoka nalo."

Nje, baba hakumgusa Tulia wala hakusema naye. Alimwendea Bi. Safina mbele ya wote, Ackson na Mzee Andrea wakiwamo, akavua kofia. "Mama, nimekukosea mbele za watu, na mbele za watu nakuomba radhi." Siku iliyofuata alilirudia neno hilo kwenye banda la chai, na jioni akachukua maji na sabuni, akausugua mwenyewe ule mlango mpaka maandishi yakatoka. Kijiji nacho kikakubali avune mbao zake mwenyewe, na mahali pa milingoti ikapandwa mivengi, miti isiyo na ulafi wa maji. Bibi Esnath ndiye aliyechimba shimo la kwanza. Kisha alimpa Tulia mche ashike.

Kuruthumu alihama dawati. Tulia hakulalamika, alijua anastahili.

Wiki ya pili mama yake akamtuma kununua ndoo mpya, tena kwa Bi. Safina. Tulia alisimama nje ya duka kwa muda mrefu. Mwishowe akaingia.

"Shikamoo, Mama. Nisamehe. Naomba... nimetumwa ndoo."

"Marahaba." Bi. Safina aliishusha ndoo ya bluu, akaifuta vumbi, lakini hakumpa. "Ile ya kwanza ilivunjikaje hasa?"

"Niliikalia nikateleza nayo."

"Ukaikalia?"

"Ndiyo, Mama. Mara mbili."

Bi. Safina alijaribu kukaza uso, akashindwa. Nyuma ya magunia ya chumvi mtu mwingine akacheka pia, kicheko kilichokatishwa ghafla. Alikuwa Kuruthumu.

"Sikiliza, mwanangu," Bi. Safina alisema, sasa bila kucheka. "Ungeyasema hayo siku ile, ungechapwa fimbo mbili, ukalia, na kabla ya chakula ungekuwa umesahau. Uliikimbia hofu ya dakika moja ukaangukia hofu ya wiki tatu, ukatuburuta na sisi. Wenyewe husema njia ya mwongo ni fupi, lakini wanaoumizwa njiani ni wengi. Siku nyingine ukikosa, sema pale pale, kosa likiwa bado dogo kama ndoo."

"Nimesikia, Mama."

Bi. Safina akampa ndoo. Tulia alipofika mlangoni alisikia hatua nyuma yake. Kuruthumu alikuwa amebeba ndoo yake mwenyewe, uso bado umekunjamana kidogo.

"Foleni imekuwa fupi siku hizi," alisema bila kumtazama. "Twende. Lakini ukiikalia hiyo, mimi ndiye nitakayesema."