Ishaka Alipokuja Kumrejea Shemsa Msituni

Gari lilikuwa limeshaiacha Northfield, kusini mwa Birmingham, tunapanda kuelekea misitu ya Lickey, simu ya Shemsa ikalia. Akaangalia jina, akasonya, akaweka spika.

"Uko wapi, mke wangu?" Sauti ya Ishaka.

"Mke wako nani? Umeniacha kwa meseji, eda yangu imekwisha Jumanne, na leo Jumamosi. Namba umekosea."

"Sikukosea. Nimekurejea tangu Jumapili, eda bado ipo. Mashahidi ninao. Na kama uko na huyo baharia mzee, shuka sasa hivi."

Akakata. Huyo baharia mzee ni mimi.

Asiyejua mambo haya nimweleze kwa ufupi. Mume akitoa talaka moja, mke hukaa eda, kama miezi mitatu hivi. Ndani ya eda hiyo mume akitamka kuwa amemrejea, basi ni mkewe tena. Hakuna ndoa mpya, hakuna mahari, wala hamwombi ruhusa. Eda ikisha bila ya yeye kutamka, mwanamke yuko huru. Kwa hiyo kama Ishaka alisema kweli, nilikuwa nimembeba mke wa mtu garini kwangu. Kama alisema uongo, nilikuwa nimembeba mwanamke niliyempenda miezi yote ile bila ya kumwambia hata neno, kwa sababu mwanamke wa eda haposwi.

"Simamisha gari," Shemsa akasema.

Nikasimama pembeni. Theluji iliyoanguka usiku kucha ilikuwa imekoma alfajiri, barabara nyeupe, hakuna mtu. Akashuka, akampigia sheikh wa msikiti wa Saltley mara tatu. Haikupokelewa.

"Anasomesha watoto mpaka saa nne," Asmahan, binti wa Shemsa, akasema kutoka kiti cha nyuma. Huyu ndiye aliyekuwa akija nasi kila safari, maana Shemsa hakupanda gari langu peke yake hata siku moja. "Mama, just go home."

"Nirudi nyumbani nikamngoje?"

"I'm just saying."

"Mwaka jana theluji ilianguka siku moja, nikabaki kumpikia wageni wake. Safari hii nimekwenda msituni kupiga picha, ndiyo nikapewa talaka. Leo nirudi tena?" Akafungua mlango wa nyuma, akakaa pembeni ya mwanawe. "Twende, Kaka Mwinjuma. Theluji haimngoji sheikh."

Kiti cha mbele kikabaki kitupu. Nikaendesha.

"Kaka Mwinjuma."

"Naam."

"Kama amenirejea kweli?"

"Basi nitakurudisha nyumbani, na sitakuja tena mlangoni kwako."

"Utakwenda wapi?"

"Popote. Nimeshazoea."

"Hilo ndilo linalonitia hofu kwako," akasema, akageukia dirishani.

Tulipofika, alitupanga mstari mmoja kama wanafunzi. Yeye mbele, sisi tukanyage alipokanyaga yeye, tena pembeni kabisa ya miti. Katikati ya misonobari palikuwa na uwanja mdogo, theluji imelala haijaguswa hata na ndege. Uwanja huo aliutaka kwa majira matatu ya baridi. Nikamfungulia stendi ya kamera.

"Mbona theluji inatoka ya kijivu?" nikauliza nilipochungulia kioo.

"Kamera inaogopa weupe, inaupunguza. Lazima niiongezee mwanga kwa mkono. Sogea, unanitilia kivuli."

"Jua lenyewe halijafika."

"Linafika. Dakika kumi, litapita pale kati ya miti miwili. Halikai."

Tukangoja. Nikasikia mlango wa gari kule chini, kisha sauti za watu.

"Asmahan," Shemsa akasema polepole, "nani kajua tuko hapa?"

"I only put it on my status..."

"Status!"

Ishaka akatokea upande wa pili wa uwanja, koti refu, viatu vya ofisini. Nyuma yake Dalmar, Msomali aliyekulia Mombasa, rafiki yake wa kahawa.

"Ishaka, usikanyage!" Shemsa akapiga kelele. "Zunguka! Zunguka pembeni!"

Hakuzunguka. Alikata katikati ya uwanja, mguu baada ya mguu, anazama mpaka kwenye soksi, na macho kwangu mimi. Nilitaka kwenda kumkabili. Shemsa akanishika mkono wa koti, akaniachia upesi kama kashika moto.

"Sijui kama mimi ni mke wake au si mke wake," akaninong'oneza. "Usinizidishie."

Ishaka akafika anahema. "Mzee wewe huna haya? Bahari zote umezunguka, ukakosa wa kwako?"

"Nimekuja kubeba stendi," nikamwambia.

"Stendi! Shemsa, twende nyumbani."

"Jumapili mpaka leo siku sita," Shemsa akasema. "Umenirejea, usinipigie simu hata moja? Salio lilikwisha?"

"Sheria haisemi lazima nikupigie."

"Na yule msichana uliyemfuata Unguja miezi miwili?"

"Msichana gani?"

"Baba, please," Asmahan akadakia. "Shangazi Mwanakhamis wa huko katwambia kila kitu. Kwao msichana wamekukataa. Umerudi Jumamosi iliyopita na mabegi ya zawadi yako vile vile."

Dalmar akakohoa, akaangalia miti.

Simu ya Shemsa ikaita. Alikuwa sheikh. Shemsa akamweleza kila kitu, amesimama wima, kidole kimekuwa chekundu kwa baridi. Akaiweka spika.

"Ishaka," sheikh akasema, "mimi sijui yaliyo moyoni mwako. Mwanamke anasema eda imekwisha hajasikia kitu. Wewe unasema umerejea. Nieleze ilikuwa siku gani, saa ngapi, wapi, na nani alikuwapo. Na ujue nitakuapisha."

"Jumapili, Sheikh. Mimi na Dalmar na Suhail."

"Suhail yuko wapi?"

"Kasafiri jana, Dubai."

Asmahan akacheka. Mama yake akamkata jicho.

"Endelea."

Ishaka akavuta pumzi. Alikuwa msemaji mzuri, hilo simnyimi. "Tulisali alasiri. Tukatoka, saa kumi hivi. Tukasimama nje, jua zuri, theluji inameremeta. Nikawaambia, jamani, nimekosa, mke wangu mtu mwema. Nikatamka mbele yao, nimemrejea Shemsa. Dalmar akanipa mkono. Tukakaa kwa Suhail tukanywa chai mpaka karibu na magharibi, tukarudi kusali. Saa kumi na mbili na nusu hivi."

Theluji ikadondoka kutoka tawini, puu!

Moyo wangu ulishakata tamaa. Kila kitu kilisikika sawa. Siku, mahali, mashahidi, mpaka chai. Nilianza kukunja stendi.

"Wacha stendi," Shemsa akaniambia. Hakuniangalia mimi. Alimwangalia Ishaka kama anavyouangalia uwanja kabla ya kupiga. "Saa kumi ulikuwa na jua zuri?"

"Ndiyo."

"Lilikuwa wapi?"

"Juu! Jua linakuwa wapi?"

"Jumapili nilikuwa hapa hapa na Asmahan, nalifukuza jua hilo kwa kamera. Saa kumi lilikuwa limeshalala nyuma ya miti. Saa kumi na dakika ishirini halipo. Saa kumi na moja nilitafuta mfuniko wa lenzi kwa tochi. Mimi na jua la mji huu tunajuana kwa dakika, Ishaka. Jua hilo unalolisema, la saa kumi, ni la Unguja. Umelileta kwenye begi?"

Ishaka akamgeukia Dalmar.

"Sheikh," Shemsa akasema, "nakuuliza wewe unayeswalisha."

Nikamsikia sheikh anafunua karatasi ya nyakati za sala.

"Ishaka," akasema, "mwezi huu hapa tunasali alasiri saa nane na robo. Magharibi ya saa kumi na mbili na nusu umeisali msikiti gani wa Birmingham? Maana sisi wakati huo tumeshamaliza hata isha."

"Nimechanganya saa, Sheikh. Uchovu wa ndege..."

"Dalmar yupo?"

"Yupo," nikasema mimi.

"Dalmar, utaapa?"

Dalmar akavua kofia. Kichwa chake kikawa kinatoa mvuke. "Sheikh, mimi na Ishaka ni marafiki. Lakini kwa jina la Mungu siapi. Haya maneno kanifundisha jana usiku kwa simu. Jumapili nilikuwa kazini."

"Dalmar!" Ishaka akapiga kelele.

"Bwana, ningesema uongo wa kawaida. Lakini huu ni wa kumfanya mtu mke asiyekuwa mke. Mimi nina mabinti."

"Basi," sheikh akasema. "Shemsa, eda yako imekwisha. Uko huru, na mwenye kukudai hana kitu. Ishaka, njoo nikuone, tena njoo mwenyewe."

Ishaka akabaki amesimama, viatu vimelowa. Sasa sauti yake ilikuwa nyingine. "Shemsa, nilidhani utaningoja."

"Nilikungoja miezi mitatu, Ishaka. Kila simu ikilia. Neno moja tu lilitosha, na ungenipata. Hukulisema."

Akajibu, "Najua." Akashuka na Dalmar, safari hii akazunguka pembeni.

Jua likaja kati ya miti miwili. Shemsa akapiga uwanja ule pamoja na nyayo zote za Ishaka, picha tano, sita, machozi yanamtoka bila ya sauti. Sikumgusa. Jua lilipopita nikasema:

"Bi Shemsa, nina neno."

"Usiliseme leo."

"Kwa nini?"

"Leo nimetoka kwenye mkono wa mtu. Niache nisimame kwanza. Na wewe hujapata kukaa mahali pamoja hata miaka miwili. Kaa. Theluji ikiondoka, na wewe bado upo, mlete mzee wako kwa kaka yangu."

"Sina mzee hapa."

"Mtafute sheikh. Ana simu nzuri."

Asmahan akasema, "Can we go? My feet are dead."

Theluji iliyeyuka Jumatano. Hata hivyo nilingoja mpaka Machi, sheikh akaenda kunisemea, tukaoana Aprili, watu kumi na wawili na sinia tatu za pilau. Tunaishi Ladywood, ghorofa ya tisa, lifti huharibika. Shemsa anafanya kazi ya dobi hospitalini siku nne, na siku zilizobaki anapiga picha. Ishaka alikwenda kwa sheikh wiki ile ile, akaomba radhi, kisha akahamia Leicester kwa mdogo wake, na anamtumia Asmahan nauli ya chuo. Dalmar bado anakunywa kahawa pale pale, na yeye na Ishaka hawasemeshani. Suhail, ilikuja kujulikana, hakusafiri kabisa. Asmahan anasomea ukunga mwaka wa pili. Mimi nilipata kazi ya kulinda ghala, na pasipoti yangu imekwisha muda tangu Oktoba, wala sijaitafutia mpya.