Udongo Uliohamia kwa Jirani

Habari hii alinisimulia Walburga mwenyewe, wa kule Ruhuwiko, mwaka 1998, tukipukuchua mahindi uwani kwake. Aliisimulia kwa kicheko, mpaka akashika mbavu. Lakini siku yenyewe hakucheka.

Miaka ile ruzuku ya mbolea ilikuwa imeondolewa. Walburga na mumewe Isidori hawakuiweza bei ya dukani. Mahindi yao yakawa membamba, ya njano. Jirani yao Kunegunda, mjane aliyetoka Umatengo, naye hakununua mbolea. Lakini mahindi yake yalinona, utadhani ya mzungu.

Wivu ukamshika Walburga. Mbona shamba la Kunegunda lilikuwa chafu? Mabua yamelala ovyo, hayafagiwi! Lake yeye lilikuwa safi. Kila baada ya mavuno alichoma mabua yote, akalima mara mbili, udongo ukalainika kama unga.

Isidori akasema, "Shamba likishindwa mwaka huu, namkodishia Kunegunda."

"Kunegunda? Kwenye shamba langu? Thubutu!"

Mwezi wa tisa upepo ukaanza. Vumbi likapaa kutoka shamba la Walburga, likavuka mpaka, likanaswa kwenye mabua ya Kunegunda. Walburga aliliona kwa macho yake.

"Ana dawa yule," akasema moyoni. "Sasa anavuta hata udongo wangu!"

Kunegunda alipokwenda kisimani, Walburga akaingia shambani kwake. Akaokota bonge la udongo, akalifunga kwenye pindo la kanga. Alitaka kulizika kwake, ili dawa ihamie. Kugeuka, Kunegunda huyo, ndoo kichwani.

"Mama Aidan, umefunga nini?"

"Ugoro."

"Tangu lini unanusa ugoro?"

Walburga akafungua kanga. Uso ulimwaka kwa aibu.

"Bonge la udongo? Si ungeomba, nikakupa debe zima!" Kunegunda alicheka mpaka maji yakamwagika.

"Usinicheke, Mama Noela. Udongo wangu uko kwako!"

"Kweli, uko kwangu. Lakini mimi sikuuita. Wewe umeufukuza."

Kunegunda akaleta glasi mbili za maji.

"Lete na bonge la shambani kwako."

Walburga alitafuta sana, akapata moja dogo. Wakayatumbukiza mabonge yote mawili taratibu, kila moja kwenye glasi yake. Bonge la Walburga likamomonyoka palepale, maji yakawa tope. La Kunegunda likakaa chini, zima.

"Dawa yangu ndiyo hiyo," Kunegunda akasema. "Mabua na majani yakioza, yanakuwa kama gundi. Udongo unashikana vibonge vidogo vidogo, upepo hauviwezi. Wewe unachoma gundi, halafu unausaga udongo kwa jembe."

"Nani kakufundisha?"

"Kuacha majani yaoze, mama yangu kule Umatengo. Haya ya glasi, bwana shamba."

Walburga akaisukuma kando glasi yake ya tope. "Sasa mimi nifanyeje?"

"Usichome tena. Acha mabua yafunike ardhi. Chimba mashimo ya kupandia tu. Mwaka wa kwanza utapata kidogo, usikate tamaa."

Kweli, mwaka wa kwanza yaliongezeka magunia mawili tu. Lakini Isidori hakulikodisha shamba. Mwaka wa tatu mahindi yakanona.

Mwezi wa tisa ulipofika tena, upepo ukavuma jioni. Shamba likatulia, vumbi halikupaa. Walburga akatia bonge lake kwenye glasi, akakimbilia mpakani.

"Mama Noela! Tazama! Langu gumu kuliko lako!"

"Kumbe wivu haujaisha?"

"Uishe uende wapi?"

Wakacheka wote. Walburga akarudi nyumbani na glasi yake, akaiweka kando ya kitanda. Isidori alikuwa anakoroma tayari. Walburga akaichungulia glasi mara ya mwisho. Bonge lilikuwa zima. Akajifunika kanga, akalala.