Ngazi Zisizohesabiwa

Tiiiit! Lifti ililia kuwa uzito umezidi, na mlango ukagoma kujifunga. Ilikuwa saa sita mchana, watu wamebanana kutoka ofisini, na macho yote yakamgeukia Da-som, msambazaji wa vifurushi, na mkokoteni wake. Masikio yalimwaka moto chini ya kofia ya kazi.

Mwanamume mwenye shati jeupe lililonyooshwa vizuri, muuza miwani wa ghorofa ya chini, akatoka.

"Mzito ni mimi," aliwaambia. "Nimemaliza mabakuli mawili ya tambi."

Huyo ndiye Chan-gyu. Jioni hiyo alimsubiri Da-som mlangoni, na kabla ya baridi kuingia Busan, wakawa wapenzi.

Lakini mlio ule haukumtoka Da-som. Akaweka kwenye simu programu ya kuhesabu kalori. Ilipomuuliza siku yake huendaje, alibonyeza "hukaa muda mwingi," kwani mazoezi yangeandikwa pembeni. Kila jioni alikimbia kwenye mashine, akayaandika. Vifurushi hakuviandika popote. Kazi ni kazi.

Simu ikampimia chakula cha mtu wa kukaa kitini. Akiongeza kijiko, tarakimu zinakuwa nyekundu. Akapunguza, akapunguza tena. Njaa ikawa ukuta kati yake na watu, simu ikawa bawabu.

"Umekula, mpenzi?" Chan-gyu alipiga kila mchana.

"Nimekula, oppa," alimjibu, kama msichana wa Kikorea anavyomwita mpenzi aliyemzidi umri.

"Basi njoo tunywe supu tu."

"Nimeshiba."

Siku moja sauti ya Chan-gyu ilibadilika. "Da-som, mwezi mzima hutaki kukaa meza moja na mimi. Kama umepata mwingine, sema."

Da-som alikata simu.

Kesho yake, akipeleka boksi, katikati ya ngazi za mlimani mtaa wa Choryang, giza lilimfunika machoni. Akaketi na boksi lake mapajani. Kupanda hawezi, kushuka hawezi. Vidole vikatafuta jina moja tu kwenye simu.

Chan-gyu alifika anahema, tai begani, mkononi wali uliovingirishwa kwa mwani.

"Kula kwanza. Ugomvi baadaye."

"Siwezi. Itakuwa nyekundu." Akampa simu.

Alisoma, akakunja uso. "Hukaa muda mwingi? Nani huyo? Bibi yangu?"

"Mazoezi nayaandika pembeni."

"Na ngazi hizi umeziandika wapi?"

"Ngazi si mazoezi, ni kazi."

"Sawa, si mazoezi. Basi ziwe kwenye siku yako! Huku hazipo, kule hazipo. Miguu inapanda mlima, simu inadhani umejilaza!"

Da-som alilia bila sauti. "Nikila, nitanenepa. Utaniacha."

"Niliyeachwa ni mimi," alisema Chan-gyu. "Nilidhani umenichoka."

Alimrudishia simu bila kugusa kitu. Da-som alisoma machaguo mara mbili, kisha akabonyeza "hutembea na kubeba siku nzima." Kiwango cha chakula kikapanda ghafla, kikubwa kiasi cha kumtisha. Ukuta haukuanguka. Hofu ilikuwa palepale. Hata hivyo alichukua kipande kimoja, akatafuna polepole, akameza.

"Kimoja tu?" Chan-gyu alimtania.

"Usinichunge, wewe!" Akamshika mkono, akamtazama usoni. "Oppa, sikiliza. Kesho mchana tutakula pamoja. Nikishindwa, nitasema nimeshindwa. Lakini sitakuambia tena nimekula wakati sijala. Naahidi."