Meza ya Bibi Asiyekuwepo

Ilianza na harufu ya poda. Siyo poda ya mtoto. Ni ile kavu, ya kizamani, kama ya mkoba wa kizee uliofungiwa sandukuni miaka. Ilikaa pale mlangoni tu, juu ya meza, na ukisogea kidogo huinusi tena. Mwanamke mwingine angefungua madirisha. Mwenye nyumba hii aliinusa akatabasamu, akasema meza ina hadhi.

Majirani walimwita Madoido, na wala hawakumwonea. Alikuwa radhi chakula kiungue jikoni ili mradi mito ya kochi imepangwa kwa rangi. Mumewe alikuwa mhasibu, bwana mpole aliyekubali kila kitu ili ale kwa amani. Na katika chumba cha nyuma, kando ya stoo, aliishi mama yake Madoido, mama mzazi, dobi aliyefua mashuka ya watu mpaka vidole vikapinda ili binti asome. Binti akasoma, tena vizuri tu. Sasa mgeni akibisha hodi, mama hutakiwa arudi chumbani na kufunga mlango, maana vidole vile havikuendana na mapazia. Nakueleza mapema usije ukamwonea Madoido huruma ya bure.

Meza yenyewe aliitafuta kama mtu anayetafuta mchumba. Alitaka nyembamba, ya mbao, ya zamani, ya kuegemeza ukutani pale mtu anapoingia, iwekwe funguo na chombo cha maua. Akaenda kwa muuza samani kuukuu, mama yake nyuma amebeba mkoba. Meza ya kwanza akaikataa kwa kuwa ni imara mno, inaonekana ya jana. Nyingine droo zake zilifunguka bila taabu, nayo akaibinulia midomo. Alitaka mikwaruzo, lakini mikwaruzo yenye adabu zake! Mwishowe akasimama mbele ya moja nyeusi, miguu myembamba, na juu yake pahali pamoja pamelika, pamelainika, kana kwamba mkono mmoja ulipumzika hapo umri mzima.

Aliuliza ilikuwa ya nani. Muuzaji akasema hajui, ilitoka kwenye nyumba iliyobomolewa na hakuna ndugu aliyejitokeza kuitaka. Mama yake akagusa ukingo wa meza, akaurudisha mkono haraka.

"Mwanangu, hii ina ubaridi wa ajabu," akanong'ona. "Chukua ile nyingine."

Madoido akamwambia asimwaibishe mbele za watu.

Basi akaja mgeni wa kwanza, akaisifu meza, akauliza imetoka wapi. Kusema "nimeinunua" kungemgharimu nini? Lakini mtu wa kujishaua haridhiki na meza, anataka na ukoo wa kuifuata. Akasema ni ya bibi yake mzaa mama, mwanamke wa heshima, aliyesoma enzi ambazo wanawake hawakusoma, na ambaye siku zote alinukia poda. Uongo mtupu. Bibi yake mzaa mama aliuza mkaa, akafa hana hata viatu, na alikuwa mtu mwema. Nyuma ya mlango wa chumba chake, mama aliyasikia yote. Ilimuuma kumsikia mama yake akifutwa hivyo, akaenda kujilaza bila kula.

Kesho yake ndipo harufu ya poda ilipoingia.

Angeshtuka mtu mwenye akili. Yeye kwa mgeni wa pili akaongeza fimbo: bibi alitembea na fimbo yenye kichwa cha fedha. Mchana uliofuata mumewe, aliyekuwa nyumbani na homa, alisikia fimbo ikigonga sakafu ya ukumbini, ko, ko, ko, ikaishia mezani. Kwa mgeni wa tatu akasema bibi alichukia kelele, na tangu hapo redio ilijizima kila ilipowashwa, na hata paka wa jirani, aliyezoea kulia dirishani, alipita ukutani kimya akiwa amelaza masikio. Kila alichokisema kilikuja. Mwacha asili ni mtumwa, walisema wahenga, ila hawakutuambia anakuwa mtumwa wa nani.

Na kadiri huyo wa kubuniwa alivyozidi, wa kweli alipungua. Mama alianza kukauka sauti. Nguo zake, zilizonukia sabuni tangu zamani, zikawa hazinuki chochote. Siku moja mhasibu aliandaa sahani za wawili tu, na alipoulizwa na mama aliyesimama mbele yake, akamtazama muda mrefu, kisha akamwomba radhi na kumwuliza anamtafuta nani.

Jioni ile mama alimfuata binti yake sebuleni, akamwonyesha mikono. Vidole vilikuwa vimenyooka. Ngozi laini, kucha ndefu, safi, zilizochongwa vizuri.

"Hii si mikono yangu," mama akasema, sauti ikitoka kwa taabu. "Mwanangu, kuna mtu ananivaa."

Unajua Madoido alifikiri nini kwanza? Alifikiri kwamba mikono imependeza. Lakini kabla hajasema neno mama aligeuka, akaenda ukumbini kwa mwendo usio wake, wa polepole, wa kifahari, huku fimbo isiyoonekana ikigonga kando yake, akausimamisha mwili mbele ya meza na kuuweka mkono pale mbao ilipolika, nao ukaenea barabara, kila kidole na shimo lake, kisha kichwa kikainuka na mdomo wa mama ukaanza kusema kwa sauti nzito, ya kisomi, maneno yote ambayo Madoido alikuwa amewaambia wageni, moja baada ya jingine, bila kukosea, na macho ya mama yaliyokuwa juu ya mdomo ule yalikuwa yanalia. Hapo aliogopa. Alipiga kelele, mama akaanguka, na alipozinduka alikuwa mama tena, ila mikono ilibaki ile ile.

Mganga aliyeletwa alikuwa bwana mwenye mafua, akipenga kamasi kila baada ya sentensi, na Madoido alifuta kiti kabla bwana huyo hajakikalia na baada ya kukikalia. Mhasibu akapendekeza waichome meza. Mganga akamwambia achome tu kama ana baridi, kilichomo kimeshatoka.

"Jini hili halikuwa na jina wala sura," akasema. "Lilikaa kwenye mbao likisubiri mtu wa kulipatia. Wewe umelipatia poda, fimbo, heshima. Limebakiza mwili tu, na mwili wa ukoo huo uko chumba cha nyuma."

Dawa yake haikuwa ya mizizi. Mgeni atakayefuata akiuliza habari za meza, Madoido amshike mama yake mkono, aseme ameinunua, na aseme mama huyu ni nani. Likikosa jina, jini litaondoka. Akimkana mara moja zaidi, basi mama amekwisha.

Akaapa. Alimkumbatia mama yake akalia, na nadhani kilio kile kilikuwa cha kweli.

Mgeni aliyefuata alikuwa mke wa bosi wa mumewe. Mama alisimama ukumbini ndani ya gauni lake la kufulia, amenyoosha mkono ushikwe. Mgeni akaizunguka meza, akaisifu, akauliza. Madoido akafungua mdomo, na jibu lilikuwa pale pale kwenye ulimi. Mgeni akaongeza, wala hakuwa na nia mbaya, kwamba siku hizi watu wananunua tu vitu vya kale madukani, ni aibu kwa kweli.

"Hii ni ya bibi yangu," akasema Madoido.

Mkono wa mama ukashuka. Mgongo ukanyooka, kidevu kikainuka, poda ikajaa nyumba nzima, na yule bibi akaja akamsalimu mgeni kwa sauti tamu, akakaa, akazungumzia vitabu na safari. Mgeni alirogwa kwa furaha. Na Madoido, ndugu yangu, Madoido akakaa pembeni akajiona fahari. Ndiyo, fahari! Saa nzima hakumkumbuka mama yake.

Mgeni alipotoka ndipo akapiga magoti.

"Mama," akaita. "Mama, nisamehe."

Macho yaliyomtazama yalikuwa makavu.

"Nyanyuka, mjukuu wangu," bibi akasema kwa upole. "Mgeni wetu atarudi na wenzake, nao watauliza habari za mama yako. Tuwaambie alikufa lini?"

Madoido alilia mpaka akakosa pumzi. Kisha akajifuta uso, akafikiri.

"Nilipokuwa mdogo," akasema.