Mteja wa Kwanza wa Akech

Mtoto alinyamaza mara tu feni ya kompyuta ilipoanza kuzunguka, na Akech, mama yake, akashukuru bila kuuliza maswali. Wiki tatu nzima kichanga huyo, Vivian, alikuwa akilia mpaka majirani wa ghorofa ya tano pale Tassia wakawa wanagonga ukuta. Sasa katulia. Nani angelalamika?

Kompyuta yenyewe ilikuwa kuukuu, aliipata sokoni Muthurwa, akaiweka chini ya meza iwe seva ya tovuti aliyokuwa akiwatengenezea wauza nyama wa soko la Burma, ili wateja waagize wakiwa nyumbani. Ilipomtaka aipe jina, Akech aliandika Anyango. Hilo lilikuwa jina la nyanya wa mumewe, bibi aliyefariki mwaka jana bila kuwahi kuugua hata mafua. Alitaka mashine ngumu kama yule bibi. Akacheka peke yake, maskini, hajui alifanyalo.

Kesho yake alitengeneza hifadhidata, akafungua jedwali la wateja, ambalo lilipaswa kuwa tupu. Halikuwa tupu. Mteja: Anyango. Agizo: samaki. Mahali: kwa Akech. Akaufuta mstari huo, akaenda kuchemsha chai. Aliporudi mstari ulikuwepo, na chumba kizima kinanuka samaki wa moshi.

"Okinyi, ni wewe unachezea mashine yangu?"

"Aki ya Mungu, mimi sijagusa," mumewe akanong'ona. "Na nani anapika samaki hapa?"

Alhamisi mchana stima zilipotea mtaa mzima, redio za majirani zikakatika, lakini chini ya meza feni iliendelea kuzunguka, polepole, ikipanda na kushuka kama mtu anayehema usingizini, na Okinyi alipoinama akauchomoa waya ukutani, akabaki ameushika mkononi huku feni ikizunguka vilevile, mtoto akapiga ukelele ambao Akech hakuwahi kuusikia, kichwa kakigeuza kuelekea mezani, mikono kainyoosha huko, kana kwamba mama yake hayumo kabisa chumbani.

Wakamwita Roseline, mama yake Okinyi, kutoka Kaloleni. Alifika na Biblia mkobani, akasimama mlangoni akinusa.

"Mama, ni jini?" Okinyi akauliza kwa sauti ndogo.

"Jini gani anaagiza samaki? Huyu ni mama mkwe wangu." Akamgeukia Akech. "Hii kitu uliita nani?"

Akech akamwambia. Roseline akaketi kwenye kiti taratibu.

"Kwetu, marehemu akitaka jina lake lirudi, mtoto analia mpaka tumpe hilo jina. Mtoto alikuwa anakuambia hivyo, Akech. Wewe ukapa chuma hilo jina."

"Sikujua, Mama. Mwanangu atapona?"

"Mwite mtoto jina hilo. Mara tatu, kwa sauti. Kisha ufute lile la mashine."

Akech alijiona mjinga na muuaji kwa pamoja. Akampakata mwanawe, akaita, "Anyango." Feni ikapunguza mwendo. "Anyango." Harufu ya samaki ikaisha. "Anyango!" Feni ikasimama kabisa, na mtoto akalegea mikononi mwake, macho makavu, akipumua vizuri. Roseline akaanza kuomba kwa furaha. Akech akamlaza mtoto kitandani, akainama mezani alifute lile jina.

Stima zilikuwa bado hazijarudi, na waya ulikuwa bado haujarudishwa ukutani. Skrini iliyokuwa imezimika ikawaka yenyewe. Jina la seva halikuwa Anyango tena. Liliandikwa: Vivian.

"Mama," Akech akasema, "Vivian wangu ameenda wapi?"

Roseline aliacha kuomba. Kitandani mtoto alikuwa macho, ametulia tuli, akiwatazama mmoja mmoja kwa subira ya mtu mzima aliyefika ugenini. Chini ya meza, ndani ya bati la kompyuta, kichanga kikaanza kulia, kilio kilekile cha wiki tatu, na kifuani mwa Akech maziwa yakaanza kutiririka.