Jitu la Tatu Langoni

Asubuhi ile Monicah alifika kazini Deira, mjini Dubai. Akapanga viti, akapangusa kaunta, kisha akawasha skrini kubwa ya ukutani. Ofisi yao iliuza safari za Bangkok, na filamu ya matangazo ilizunguka mchana kutwa. Kwanza Hekalu la Alfajiri na majitu yake mawili langoni, moja jeupe, moja la kijani. Kisha Kasri Kuu lenye mapaa ya dhahabu. Kisha soko la maboti. Mwisho kabisa, mlango wa ofisi yenyewe, ili mteja ajue pa kuingilia.

Ilikuwa siku yake ya kwanza kurudi tangu mumewe, Shem, afariki.

Shem alikuwa mlinzi pale pale. Mwezi wa Agosti, msimamizi wao Boaz, Mkenya mwenzao na mwimbaji wa kwaya yao ya ibada za Ijumaa, alimvika vazi la lile jitu la kijani. Lilikuwa sponji nene toka kichwani hadi miguuni. Akamfunga zipu mgongoni, akamsimamisha nje awavutie wapita njia, saa zile za adhuhuri ambazo sheria hukataza watu kufanya kazi juani.

"Simama vizuri, Shem!" alimwambia akicheka. "Leo wewe ndiwe Bangkok."

Kisha akaenda kula. Aliporudi, jitu lilikuwa limeketi chini, limeegemea ukuta. Aliyekuwa ndani hakuweza kuifikia zipu.

Boaz alimvua Shem vazi lile kabla ambulensi haijafika. Akawaambia maafisa, akawaambia na waumini kanisani Oud Metha, kwamba Shem alikuwa amelewa. Shem, shemasi, mtu asiyewahi kuonja pombe! Maneno yale yalifika hadi nyumbani Kenya, na wazee wa kanisa wakamzika bila ibada. Terry wa mapokezi aliyaona yote kupitia kioo. Alimnong'oneza Monicah, lakini aliogopa kufukuzwa, hakuwaambia wengine.

Monicah hakugombana na mtu. Alifunga na kuomba jambo moja tu: Boaz aukiri ukweli kwa kinywa chake mwenyewe.

"Na akikataa, Bwana," alimalizia, "umtume Shem amuulize."

Sasa alisimama na kitambaa mkononi, akitazama skrini. Langoni pa hekalu palikuwa na majitu matatu.

Lile la tatu lilikuwa likihema.

"Nani amebadilisha hii filamu?" Boaz aliuliza nyuma yake.

"Hakuna, boss," Terry alijibu. "Mimi naona ni ile ile."

Kesho yake majitu ya langoni yalikuwa mawili tena. La tatu lilikuwa kwenye Kasri Kuu, katikati ya watalii. Watalii walipiga picha, wakacheka, wakapita. Hakuna aliyeligeukia. Lenyewe lilitazama mbele, ndani ya ofisi.

Siku iliyofuata lilikuwa sokoni, limeketi ndani ya boti. Boti ilikuwa imezama hadi ukingoni kwa uzito wake. Boaz alikuwa akitokwa jasho, na kiyoyozi kilikuwa baridi hata Terry akavaa sweta.

"Izime," Boaz alinong'ona.

"Nimeshaizima," Monicah alisema. Waya ulikuwa mkononi mwake.

Picha iliendelea.

"Sema ukweli, Brother Boaz," Monicah alimwambia. "Waumini wote unao kwenye kundi, hapo kwenye simu yako. Sema tu."

"Yule alikuwa mlevi. Khalas, basi."

Kwenye skrini, jitu lilisimama. Likashuka botini.

Filamu ikafika mwisho. Mlango wa ofisi. Jitu lilikuwa mbele yake, limewapa mgongo. Zipu ilikuwa wazi.

Ndani hamkuwa na mtu.

Boaz aligeuka kuutazama mlango wenyewe. Kioo chake kilikuwa kimefunikwa na mvuke. Akakimbilia stoo. Akajifungia. Walisikia akiomba maji, mara moja, kwa sauti ndogo. Kisha kimya.

Mlango ulipovunjwa, alikuwa ameketi chini, ameegemea ukuta. Terry alimgusa bega, akaondoa mkono upesi kama aliyeshika sufuria. Daktari aliandika kwamba ameuawa na joto. Ndani ya stoo ile kulikuwa na baridi ya kutetemesha.

Simu ya Boaz ilichukuliwa na polisi. Jioni, simu za waumini wote zililia kwa pamoja. Ulikuwa ujumbe wa sauti kutoka kwake. Alieleza yote: vazi, jua, zipu, uongo. Alipomaliza, sauti nyingine ikasema taratibu, "Rudia."

Monicah aliijua sauti ile. Alikuwa amelala kando yake miaka yote ya ndoa.

Boaz akarudia, akilia.

"Rudia."

Nyumbani wazee waliusikia ujumbe ule. Walikwenda kaburini kwa Shem, wakamfanyia ibada, wakaomba radhi. Ikadhaniwa yamekwisha.

Lakini kila Ijumaa, nyimbo zikianza, ujumbe mwingine huingia, mrefu kuliko uliotangulia. Wapo waliohama kundi. Wapo waliobadilisha namba. Unawafikia. Mchungaji amemsihi Monicah aombe yule mtu aachiliwe, kwa kuwa yeye ndiye aliyeomba mwanzo.

Monicah hupiga magoti. Hufumba macho. Huiweka simu sikioni, akamsikiliza Boaz hadi neno la mwisho.

Bado hajaomba.