Gego la Masele

Kila jioni Gladness alivua sare ya shule, akaosha vyombo kwenye jiwe kubwa nyuma ya nyumba yao huko Ilemela, kisha akamsubiri kaka yake. Masele alikuwa fundi wa kuchomelea mageti kule Buzuruga, na siku zote alipanda kilima akiimba. Mama akiisikia sauti yake ndipo alipoanza kusonga ugali.

Lakini mwezi huo Masele alipanda kimya. Gladness alizikumbuka jioni zile za nyimbo mpaka moyo ukamuuma. Alimkumbuka hata marehemu babu Luhende, kule Bujora, alivyokuwa akiwakalisha wajukuu karibu na zizi na kuwafundisha kuitikia. Babu alidai kuwa Masele akianzisha wimbo, hata ng'ombe walitulia. Na babu hakuwa mtu wa kupunguza sifa za wajukuu wake.

Siri ya ukimya huo aliijua Gladness peke yake. Gego la mwisho la Masele lilikuwa linaota vibaya na fizi ilikuwa imevimba. Wakati wa kula alimsogezea mdogo wake matonge yake, na Gladness aliyala ili Mama asigundue.

"Kaka, mwambie Mama," alimnong'oneza siku moja.

"Thubutu! Mashindano ya ngoma yamekaribia, na mimi ndiye manju, kiongozi wa nyimbo. Kundi la Chenge, wapinzani wetu, wakisikia naumwa, watatangaza Kisesa nzima kwamba dawa yao ya uganga imenishika. Tena nikishang'olewa gego, nitaimba kwa mdomo gani? Wewe nyamaza tu."

Ndivyo walivyo watu wa ngoma: manju akipiga chafya tu, upande wa pili wanadai ushindi. Gladness alinyamaza.

Jumamosi asubuhi Masele alishindwa kufungua kinywa. Shavu lilikuwa limefura, mwili unachemka, na uji ulimwagikia kidevuni. Alimtikisia Gladness kichwa kumwonya. Gladness aliogopa kumkosesha kaka yake mashindano, lakini aliogopa zaidi kumkosa kaka mwenyewe. Akakimbilia gengeni kwa Mama.

"Mama, kaka anaumwa gego! Anaumwa siku nyingi. Nilikuwa najua."

Mama hakugombeza. Aliacha nyanya zake hapohapo, wakampeleka Masele kwa daktari wa meno. Daktari Agutu alimpiga picha ya taya, akaitazama kwa makini.

"Si kila gego la mwisho hung'olewa," alisema. "Likiota vizuri na lisiposumbua, tunaliacha. Lako limelala upande na linatunga usaha. Kwanza utameza dawa, uvimbe upungue. Baada ya hapo mimi nashauri litoke, ila uamuzi ni wako."

"Nitaimba tena?" Masele aliuliza kwa shida.

"Utavimba na kuumwa siku chache, halafu utaimba. Mashindano haya utayakosa."

Masele aliinamisha kichwa. Mama akamshika bega.

"Babu yenu aling'olewa magego mawili, na aliimba mpaka uzeeni. Nilidhani mnajua."

Masele aliinua kichwa taratibu. Mwishowe akasema, "Basi, litoke."

Siku ya mashindano Masele alisimama pembeni na Mama na Gladness, shavu bado limevimba kidogo. Kundi lake lilishindwa. Gladness hakuthubutu kumtazama usoni. Mara Chenge akaja, jasho likimtiririka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Masele, watu wanasema dawa yetu imekushika."

"Ni gego," Masele alijibu. "Limeng'olewa."

Chenge aliangua kicheko, akapanua kinywa na kuonyesha pengo. "Hata mimi, mwaka juzi! Niliumia karibu nife, sikumwambia mtu. Nilikuogopa wewe."

Wote wakacheka isipokuwa Gladness, ambaye machozi yalikuwa yanamtoka.

"Nisamehe, kaka. Nilitoa siri yako."

Mama alimvuta karibu. "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Siri nzuri tunaitunza, mwanangu, lakini siri inayomla mtu tunaisema mapema, hata akikasirika. Kosa lako ni kuchelewa tu."

Masele alimfuta mdogo wake machozi kwa kiganja chake kigumu. "Siku nyingine," alisema, "usinisikilize."